Kalenda ya Kandanda Ifuate Majira ya Nchi



Tarehe 25 Mei, 2025, klabu ya Simba ilicheza mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Siku nane kabla yake Simba ilikuwa imefungwa mabao 2-0 ugenini, na wapenzi wa kandanda nchini walitazamia kwamba deni hilo lingelipwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, mbele ya umati wa watu wapatao 60,000. Haikuwa hivyo. Katika majira yale ya mvua, hali ya nyasi za uwanja huo haikuliridhisha Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, na mchezo ukahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, ambao huchukua watu wachache zaidi kwa mbali. Ulimalizika kwa sare ya bao 1-1, na kombe likaenda Morocco.

Hapana mtu awezaye kuapa kwamba Simba ingelitwaa kombe lile kama ingelicheza Dar es Salaam. Lakini liko jambo moja lisilo na ubishi. Mvua za masika hunyesha katika pwani ya Tanzania kuanzia Machi hadi Mei. Wazee walizipa jina hilo kabla mpira wa miguu haujatia mguu katika nchi hii, na kila mwaka zinarejea. Pamoja na hayo, kalenda ya kandanda imepangwa kwa namna ambayo michezo mizito kuliko yote ya mwaka, ile ya kuamua bingwa na ya kuamua nani ateremke daraja, huangukia katika miezi hiyo hiyo. Kisha Juni na Julai, nchi ikiwa kavu, jua likiwa la wastani na upepo wa kipupwe ukivuma, viwanja hukaa kimya.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kalenda hii ilitoka wapi, na inamfaa nani?

Asili yake ni Uingereza. Ligi ya kwanza ya kulipwa ya nchi hiyo ilianza Septemba 1888 ikiwa na klabu 12. Ilianza Septemba kwa sababu nyepesi kabisa. Wakati wa kiangazi cha Uingereza vijana wa huko walicheza kriketi, na viwanja vingi vilitumika kwa mchezo huo. Kandanda ulikuwa mchezo wa majira ya baridi, wa kuwachangamsha watu kriketi ikiisha. Hivyo msimu ulianza majani yakikaribia kupukutika na kwisha kiangazi kikibisha hodi. Waingereza hawakukosea, kwa maana walitazama mbingu yao na viwanja vyao wakapanga yaliyowafaa. Kosa ni la wale waliolichukua pango hilo pasipo kuitazama mbingu yao wenyewe.

Hata Ulaya kwenyewe hawakukubaliana wote. Watu wa Sweden, ambao barafu hufunika viwanja vyao kwa miezi mingi, waliufuata utaratibu wa Kiingereza kwa miaka kadhaa, kisha wakauacha, na tangu 1959 ligi yao imechezwa ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, kuanzia majira ya kuchipua hadi ya kupukutika. Norway na Finland nao hucheza kiangazi. Japani, iliyoanzisha ligi yake ya kulipwa mwaka 1993 kwa kufuata mwaka wa kalenda, iliamua Desemba 2023 kugeuza utaratibu kuanzia msimu wa 2026/27, na moja ya sababu zake ni joto kali la kiangazi linalowamaliza nguvu wachezaji. Utaratibu mpya wa Wajapani umewekewa mapumziko katikati ya majira ya baridi, kwa ajili ya mikoa yao yenye theluji nyingi. Na mashindano makubwa kuliko yote, Kombe la Dunia, yalihamishwa mwaka 2022 kutoka Juni na Julai hadi Novemba na Desemba kwa kuwa joto la Qatar katikati ya mwaka halichezeki. Ikiwa Kombe la Dunia liliweza kulipisha jua, ligi ya nchi moja inaweza kuipisha mvua.

Barani Afrika mabishano haya yamekuwa ya muda mrefu. Mwaka 2017 CAF iliamua kuyahamisha mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika kutoka Januari hadi Juni na Julai, ili yasigongane na ligi za Ulaya ambako wachezaji wengi wa Afrika wameajiriwa. Fainali za 2019 nchini Misri, ambazo Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza tangu 1980, zilichezwa katika miezi hiyo. Baada ya hapo mvua ilidai haki yake. Fainali za 2023 za Ivory Coast zilisogezwa hadi Januari na Februari 2024, maana Juni na Julai ni miezi ya mvua nyingi katika pwani ya nchi hiyo. Bara hili lina pande mbili za Ikweta, lina jangwa na lina misitu, na tarehe moja haiwezi kuwa njema kwa wote. Funzo lake ni kwamba kila nchi, ndani ya nafasi iliyoachiwa, hapana budi ijipangie yenyewe.

Tanzania iliwahi kujipangia. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 na kwa miongo iliyofuata, bingwa alipatikana ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Hivyo ndivyo Mseto ya Morogoro ilivyokuwa bingwa wa 1975, Tukuyu Stars bingwa wa 1986 na Coastal Union ya Tanga bingwa wa 1988. Mwaka 2007 ilichezwa ligi ndogo ya kuvukia, na tangu hapo msimu umeanza mwaka mmoja na kwisha mwaka unaofuata. Kenya ilishika njia hiyo baadaye, katika msimu wa 2018/19, CAF ilipoyageuza mashindano yake ya klabu yawe yanaanza nusu ya pili ya mwaka na kwisha Mei. Sababu iliyotolewa ilikuwa na uzito, kwani klabu haziwezi kuishi kwa kalenda moja nyumbani na nyingine ugenini. Lakini kufuata kipindi cha CAF si sawa na kufuata kila juma la Ulaya, na hapo ndipo pametokea mchanganyiko.

Ndugu wananchi, kabla ya kuzungumza juu ya wakati, yafaa kuzungumza juu ya urefu. Baadhi ya watu hudhani msimu ni mrefu kwa sababu michezo ni mingi. Hesabu haikubaliani nao. Katika misimu ya 2018/19 na 2019/20 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20, kila moja ikicheza michezo 38, na jumla yake ilikuwa michezo 380. Msimu wa 2020/21 timu zilipunguzwa zikawa 18, na msimu uliofuata zikawa 16. Kwa timu 16 kila klabu hucheza mara 30, na ligi nzima ina michezo 240. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana umbali kutoka Bukoba hadi Lindi si mchezo, na klabu nyingi husafiri kwa basi.

Sasa tazameni yaliyotokea. Katikati ya Agosti 2024 ligi ya Uingereza na ligi ya Tanzania zilianza karibu kwa wakati mmoja. Waingereza walicheza michezo 38 kwa kila timu wakamaliza tarehe 25 Mei, 2025. Watanzania, wenye michezo 30, walimaliza tarehe 25 Juni, mwezi mzima baadaye. Mchezo wa mwisho ulikuwa ule wa Yanga na Simba ambao ulipangwa uchezwe tarehe 8 Machi, ukaahirishwa, na ukaja kuwa ndio wa kuamua ubingwa. Yanga walishinda mabao 2-0. Kwa hiyo msimu ulirefuka kwa zaidi ya miezi kumi bila ya kuongezwa mchezo hata mmoja. Kilichourefusha ni viporo.

Neno hilo la viporo limetoka jikoni, na linastahili kurudishwa huko lichunguzwe. Kiporo ni chakula kilicholala. Mara moja kwa wiki si neno, lakini nyumba inayokula kiporo kila siku ina kasoro katika upishi wake. Klabu kubwa zinapokwenda kushindana nje ya nchi, michezo yao ya nyumbani huahirishwa. Mvua inapozidi, michezo huahirishwa. Timu ya taifa inapoitwa, michezo huahirishwa. Mwishowe timu moja huwa imecheza mara 24 na nyingine mara 20, na msimamo wa ligi hausomeki. Timu yenye viporo hucheza ikiwa inajua tayari inahitaji pointi ngapi, wakati mpinzani wake alicheza gizani. Hata kama hakuna aliyetenda hila yoyote, shaka huingia, na mashindano yaliyoingiwa na shaka hupoteza heshima mbele ya wananchi wanaolipa kiingilio.

Yuko pia mchezaji mwenyewe. Katika miaka ya sabini na themanini mchezaji alikuwa wa ridhaa. Alikuwa karani, dereva au fundi, akiomba ruhusa kazini ili akacheze. Leo mchezaji wa Ligi Kuu ni mfanyakazi, na kandanda ndio kazi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Mtumishi wa umma anaijua tarehe ya likizo yake mapema. Mwalimu anaijua kabla mwaka wa masomo haujaanza. Mchezaji ambaye hajui msimu utaisha Mei au Juni, wala kama mazoezi ya msimu mpya yataanza Julai au Agosti, hana likizo ya kupanga. Misuli isiyopumzishwa huchanika, na mchezaji aliyeumia goti akiwa na miaka 26 hana pensheni ya kumsubiri. Mwaka 2024 vyama vya wachezaji vya Ulaya vilifikia hatua ya kulishitaki FIFA mbele ya Tume ya Ulaya kwa sababu ya wingi wa michezo. Wachezaji wa huko wanalalamikia kuchezeshwa mno. Wa hapa wana haki ya kulalamikia kuwekwa bila ya tarehe, kwani klabu ndogo hulipa mishahara, chakula na malazi kwa kila mwezi unaoongezeka, wakati viingilio haviongezeki.

Tena yuko mtazamaji. Nchi hii bado ina wakulima wengi. Katika mikoa ya kati na ya kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Desemba na Januari mkulima yuko shambani akilima na kupalilia, na mfuko wake ni mtupu. Mavuno huja kuanzia Mei, na kati ya Juni na Septemba ndipo fedha hupatikana vijijini na miji midogo huchangamka. Ni katika nusu ya kwanza ya kipindi hicho ambapo viwanja hufungwa. Mfanyabiashara ambaye angefunga duka lake wakati wateja wana fedha, akalifungua wakati wameishiwa, angechekwa na jirani zake.

Walimu wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya shule za sekondari, UMISSETA, kwa desturi hufanyika katikati ya mwaka. Walioipanga hivyo walizingatia likizo za shule, na bila ya shaka walifahamu pia kwamba watoto hawawezi kukimbia katika matope. Watoto wakipangiwa kwa akili hiyo, ni ajabu watu wazima wanaolipwa mishahara kupangiwa kwa akili nyingine.

Lifanyike nini basi? Kurudi kwenye mwaka wa kalenda hakuwezekani kwa urahisi maadamu CAF inafuata utaratibu wake. Lakini ndani ya utaratibu huo huo nafasi ipo. Msimu uanze wiki ya kwanza ya Julai na uishe mwisho wa Machi, kabla masika hayajakolea. Kipindi hicho kina takriban majuma 38. Yakitolewa majuma manne kwa ajili ya michezo ya timu ya taifa, hubaki 34 kwa michezo 30, na manne ya akiba kwa kombe la ndani na dharura. Katika mwaka ambao fainali za Mataifa ya Afrika huchezwa Desemba na Januari, baadhi ya michezo itabidi ichezwe katikati ya wiki. Ni mzigo, lakini unajulikana mapema na unaweza kupangiwa.

Faida zake ni nyingi. Aprili na Mei, mvua zikinyesha, wachezaji watakuwa likizoni na viwanja vitapumzika wakati maji ya kuoteshea nyasi yanatoka mbinguni bila ya bili. Viwanja vingi vya mikoani, kama Kirumba cha Mwanza na Sokoine cha Mbeya, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Wenye viwanja watakuwa na miezi miwili inayojulikana ya kukarabati, badala ya kuviba siku mbili baina ya mchezo na mchezo. Klabu zitakazofika nusu fainali na fainali za Afrika, ambazo huchezwa Aprili na Mei, zitazikabili zikiwa hazina mzigo wa ligi mabegani. Na bingwa wa nchi atajulikana mapema, apate muda wa kujiandaa kwa mashindano ya mwaka unaofuata.

Pamoja na hilo, ratiba ichorwe kwa kuitazama ramani ya mvua. Januari na Februari, wakati Dodoma na Mbeya kuna mvua, Dar es Salaam na Tanga huwa kavu ingawa kuna joto. Basi timu za pwani zipewe michezo mingi ya nyumbani katika miezi hiyo, na ichezwe jioni jua likiwa limepungua. Oktoba na Novemba, vuli ikinyesha pwani na kuzunguka Ziwa Victoria, michezo mingi ipelekwe nyanda za kati na za juu kusini ambako mvua hazijashika. Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka nje. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa kila msimu, na Bodi ya Ligi inaweza kuketi nayo meza moja kabla ya kutoa ratiba.

Jambo la tatu ni nidhamu ya tarehe. Mchezo ukiahirishwa uchezwe ndani ya siku zisizozidi 21, na sababu za kuahirisha ziandikwe katika kanuni ili kila klabu izijue, iwe kubwa au ndogo. Kanuni ikiwa na mlango wa nyuma, wenye nguvu ndio watakaoupitia.

Wako watakaopinga, na hoja zao zisidharauliwe. Watasema dirisha la usajili la Ulaya hufunguliwa katikati ya mwaka, hivyo mchezaji anaweza kununuliwa msimu ukiwa umeanza. Ni kweli. Lakini FIFA huruhusu kila shirikisho lipange vipindi vyake vya usajili, na wachezaji wanaouzwa Ulaya kila mwaka ni wachache mno kulinganishwa na mamia wanaobaki. Watasema pia kwamba klabu inayocheza fainali ya Afrika mwezi Mei itakuwa imekaa bila ya michezo ya ligi kwa wiki kadhaa na itapoteza makali. Hoja hii ni nzito zaidi, na dawa yake ni kuiacha hatua ya mwisho ya kombe la ndani ichezwe Aprili na Mei kwa timu chache zilizobaki, katika viwanja vinavyostahimili maji. Watasema mwisho kwamba mvua nazo zimebadilika, hazina tena miadi. Jibu ni kwamba mvua zisizo na miadi zinadai mpango wenye nafasi zaidi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliipiga pwani ya kusini, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika. Ratiba isiyo na juma la akiba ingepata wapi njia siku ile?

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Mwezi Agosti 2025 nchi hizo tatu zilikuwa wenyeji wa fainali za CHAN, za wachezaji wa ligi za ndani. Wageni walicheza na watazamaji walikuja katika miezi ya kipupwe, na hapana aliyewapeleka wageni hao Aprili. Heshima hiyo waliyofanyiwa wageni ndiyo wanayodai sasa wenyeji, wale ambao hucheza hapa kila mwaka, kwa mshahara mdogo, katika viwanja vya mikoani.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya jambo hili yamekwisha onekana: fainali iliyohamishwa, ligi iliyokwisha mwezi mmoja baada ya wakati, na barabara iliyokatika. Shirikisho la kandanda, Bodi ya Ligi na klabu zenyewe zina miezi ya kutosha kukaa na kulizungumza kabla ya ratiba nyingine kutolewa. Nao walimu na watumishi wa umma, ambao wengi wao ni viongozi wa michezo katika wilaya na kata zao, wanayo nafasi ya kulifikisha katika vikao vinavyohusika, wakiwa na kalenda ya mvua mkono mmoja na ratiba ya ligi mkono wa pili, wakaonyesha ni wapi hivyo viwili vinagongana.